Jua la Manah ni la Nani?

Manah ni mji mdogo ulio karibu na Nizwa, katika mkoa wa Ad Dakhiliyah nchini Oman. Hapo pamejengwa mitambo miwili mikubwa ya umeme wa jua, kila mmoja wa megawati 500. Mikataba yake ilitolewa mwaka 2023 kwa kampuni za Ufaransa, Korea Kusini, Singapore na China. Umeme wake hununuliwa na shirika la dola, nao huingia katika gridi ya taifa. Oman imeazimia kufikia mwaka 2050 bila kuongeza hewa ya ukaa angani, na azma hiyo haitimiziki pasipo ardhi pana yenye jua kali. Swali linalobaki ni la haki: wenyeji wa mahali jua linapovunwa wanadai fungu gani?

Jibu jepesi ni kwamba hawadai lolote. Jua halina mwenyewe, na aliyeko Muscat hapunguziwi mwanga kwa kuwa umenaswa Manah. Tena umeme ni wa taifa zima. Mwenyeji wa Manah huwasha taa kama mwenziwe wa Sur au Ibra. Hoja hii ina uzito. Lakini kinachotumika hapa si jua peke yake. Inatumika ardhi, na ardhi iliyozungushiwa uzio haipitiki tena, wala mifugo hailishi humo.

Hoja hiyo inazidi kudhoofika betri zinapoingia. Mradi wa tatu wa jua huko Ibri, katika mkoa jirani wa Adh Dhahirah, umepangwa kuwa na betri za kuhifadhi umeme. Mwanga wa adhuhuri, uliokuwa ukipita bure, sasa unawekwa akiba na kuuzwa usiku. Kitu kinachoweza kuwekwa akiba kina mwenyewe na kina bei, na chenye mwenyewe na bei hakikwepi kuulizwa kimegawanywaje.

Watu wa nchi hii wamekwishalijibu swali la namna hiyo, kuhusu maji. Mifereji mitano ya falaji iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Miongoni mwayo imo Daris na Al Khatmayn ya Nizwa, Al Malki ya Izki, na Al Jila iliyo upande wa Sur. Maji ya falaji hugawanywa kwa muda. Kipimo chake huitwa athar, kiasi cha nusu saa. Mchana kilipimwa kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Basi jua lilikuwa mizani ya haki kabla halijawa bidhaa.

Falaji haikuwa na usawa kamili. Mafungu yalirithiwa, yakauzwa, na asiyekuwa nalo alilima bustani ya mwenziwe. Hata hivyo, mambo mawili hayakuachwa kwa soko. Kwanza, pale maji yanapotokeza kijijini, kila mtu aliteka ya kunywa bila malipo, awe mwenyeji au mpita njia, kabla ya maji kufika msikitini na mashambani. Pili, falaji yenyewe ilikuwa na fungu lake: sehemu ya muda iliyokodishwa kwa mnada, na fedha zake zikatumika kuuzibua na kuukarabati mfereji. Mengine yaliwekwa wakfu kwa msikiti.

Kwa kipimo hicho, taa ya Manah inayowaka kama ya Muscat haitoshi kuwa jibu. Taa hiyo ni haki ya raia popote alipo. Jirani wa mtambo ana dai jingine, kwa kuwa ardhi iliyofungwa ni ile aliyozoea kuipita. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Fungu dogo la mauzo ya kila mwaka, likiwekwa wakfu kwa mji na kusimamiwa na watu wake kama wakili wa falaji alivyosimamia mfereji, lingetosha kutengeneza visima, shule na mifereji ileile ya zamani. Halingeuzuia mradi, wala halingeipandisha bei ya umeme kwa kiasi cha kumuumiza mtu.

Lakini fungu hilo halina budi kuandikwa kabla ya mkataba kutiwa saini. Katika falaji, wa kwanza kunywa hakungoja wenye bustani washibe.