Bibi Harusi wa Buluu

Ijumaa usiku kijana mmoja mpiga picha wa Bujumbura alikuwa kwenye ukumbi wa balbu za manjano. Akaiwekea kamera alama ya balbu, picha zikatoka safi. Kesho yake mchana akaitwa mtaa wa Mutanga Sud, sherehe ya mahari, uani, jua linawaka. Ile alama hakuigusa.

Kamera ikiambiwa kuna balbu, ambayo nuru yake ni kama Kelvini 3,000, huongeza buluu ili kuufuta umanjano. Jua la mchana ni kama 5,500, halina umanjano wa kufutwa, kwa hiyo buluu yote huishia kwenye picha. Imvutano, vazi jeupe la bibi harusi, ikatoka buluu, midomo ikaiva zambarau. Kioo cha kamera kingemwonya, ila kwa jua lile hakikusomeka, na wazee walikuwa wameshasimama kuhutubia. Macho yake nayo hayakumsaidia: jicho huzoea nuru yoyote, shati jeupe likabaki jeupe juani na ndani.

Shangazi wa bibi harusi alipoletewa picha alizitazama kwa muda.

“Mwanangu, tulikuita kwenye mahari au msibani?”

“Nisamehe, shangazi. Nitazirekebisha.”

Hakuweza. Alikuwa amehifadhi JPEG peke yake, faili ambalo kamera imeshalipika rangi na kutupa mabaki. Alipovuta umanjano, nguo ikakaribia weupe lakini ngozi ikawa ya majivu. Angehifadhi RAW, faili bichi ambalo kamera haijalipika, angechagua alama ya jua kwenye kompyuta na kazi ikaishia hapo.

Wapo watakaosema angeiachia kamera ijichagulie. Juani, sawa. Lakini wageni walikaa chini ya turubai la buluu, na hapo kamera hubahatisha. Heri kupiga kwanza karatasi nyeupe palepale walipo na kuiambia kamera kwamba huo ndio weupe. Sebuleni ni pagumu zaidi, dirisha huku, balbu kule: shavu moja buluu, jingine chungwa, na hakuna nambari moja itakayoyapatanisha. Binafsi huwa naomba taa izimwe, hata mwenye nyumba akininunia.

Picha za mahari ile hatimaye zilichapwa kwa nyeusi na nyeupe. Shangazi alilipa nusu.