Vijana wamemwambia Rais, sasa ni zamu ya msikilizaji



Tangu Juni 2024 kuna swali linalonifuata katika kila darsa ninayosomesha hapa Mombasa. Wanaliuliza wanafunzi wa kidato cha nne, wanaliuliza vijana wa msikitini baada ya Isha, na wazazi nao huliuliza kwa sauti ya chini. Je, kijana wa Kiislamu ana ruhusa ya kumkabili mtawala wa nchi na kumwambia yanayomkera kuhusu maisha yake ya kesho, tena hadharani, watu wote wakisikia? Wapo masheikh waliojibu kuwa hana, na kwamba hiyo ni fitna. Haya ninayoandika ndiyo jibu langu, na hapana shaka wapo watakaolipinga. Nao waandike, ukurasa huu ni wetu sote.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea, maana watu ni wepesi wa kusahau. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za ziada kutoka mifukoni mwa wananchi. Ndani yake mlikuwa na VAT ya asilimia 16 juu ya mkate, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na ushuru juu ya mafuta ya kupikia. Tarehe 18 Juni vijana waliingia barabarani jijini Nairobi, na siku hiyohiyo serikali ikatangaza kuondoa kodi ya mkate na ya gari. Vijana wakasema mswada wote uondoke. Tarehe 25 Juni wabunge wakaupitisha, umati ukaingia bungeni, risasi zikalia. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilikuwa imeshahesabu watu 39 waliokufa.

Kisha likaja jambo ambalo wazee wetu hawakuwahi kuliona katika nchi hii. Siku ya Ijumaa, tarehe 5 Julai, Rais aliingia katika mtandao wa X na kuzungumza na vijana wenyewe kwa sauti, bila ya chifu wala mbunge kati yao, huku zaidi ya watu laki moja wakisikiliza. Nami nilisikiliza. Waliuliza juu ya wenzao waliouawa na waliotekwa majumbani. Waliuliza juu ya fedha za umma zinazoibwa na waheshimiwa wanaojionyesha kwa saa na magari, ilhali mwenye digrii hana kazi. Baadhi walisema kwa adabu, wengine kwa ukali, lakini hakuna aliyesema jambo ambalo mtu wa mtaani hakulijua.

Sasa turudi kwenye hukumu. Wanaokataza huitegemea hadithi ya Iyadh bin Ghanm (r.a.) iliyopokewa na Imam Ahmad, ambayo maana yake ni kuwa mwenye nasaha kwa mtawala asiitoe hadharani, bali amshike mkono waende faragha. Akikubali ni kheri, na asipokubali basi mtoa nasaha ametimiza wajibu wake. Hadithi hii siipuuzi. Anayeweza kumfikia mtawala faraghani na akaacha, akachagua kumfedhehesha mbele za watu ili asifiwe yeye, huyo nia yake ina dosari. Lakini hivi tujiulize, kijana wa Majengo au wa Kisauni amshike Rais mkono gani? Mkono huo unashikwa na nani katika nchi hii, kama si matajiri na wanasiasa?

Tena tumtazame aliyekuwa akizungumza na Iyadh katika kisa kile. Ni Hisham bin Hakim (r.a.). Sahaba huyuhuyu, kama alivyopokea Imam Muslim, alipita katika nchi ya Sham akawakuta watu wamesimamishwa juani, wakiteswa kwa sababu ya kodi. Hakungoja. Alitamka palepale kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba Allah atawaadhibu wale wanaowaadhibu watu hapa duniani. Kisha akamwendea amiri wa Filastini, Umayr bin Sa'd, akamweleza, na amiri akaamuru watu wale waachiliwe. Msomaji, izingatie habari hii vizuri. Jambo lenyewe lilikuwa ni kodi. Nasaha ilianzia hadharani ikamaliziwa kwa amiri. Na amiri aliposikia alitenda siku ileile. Hakuunda kamati.

Ipo pia habari ya Marwan alipotanguliza khutba ya Idi kabla ya swala. Mtu mmoja alisimama mbele ya jamaa nzima akamkosoa. Abu Said al-Khudri (r.a.) hakumwambia kaa chini, unaleta fitna. Alisema kuwa mtu yule ametimiza wajibu wake, kisha akaisoma ile hadithi mashuhuri ya kuondoa uovu kwa mkono, kwa ulimi au kwa moyo. Kwa hiyo anayesema kwamba katika Uislamu hakuna nasaha ya hadharani, atueleze habari hizi mbili aziweke wapi.

Sisi wa Pwani tuna sababu nyingine ya kutowanyamazisha vijana, nayo inauma. Hilo neno "kutekwa" ambalo Wakenya wengi walilijua mwaka 2024, hapa tulilijua mapema. Desemba 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti yenye kesi 81 za watu wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu mwaka 2012, huku vyombo vya usalama vikilaumiwa. Miaka minane baadaye, Desemba 2024, KNCHR ikatangaza kuwa watu 82 walikuwa wametekwa nchini tangu maandamano ya Juni. Kesi 81, kisha 82. Katika miaka ile ya mwanzo wazee wetu waliifuata ile njia ya kushika mkono. Walikwenda ofisini, wakakaribishwa chai, wakaahidiwa uchunguzi, wakarudi nyumbani. Wapo akina mama ambao hadi leo hawajui kaburi la mtoto liko wapi. Sasa tukimwambia kijana arudie njia hiyohiyo peke yake, tunamnasihi au tunamlaza?

Ama kuhusu adabu, hapo sina la kuwaficha vijana wangu. Katika Surat Taha, aya ya 43 na ya 44, Allah (s.w.) anawatuma Musa na Harun kwa Firauni, mtu aliyejiita mungu na kuchinja watoto, na bado anawaamuru wamzungumze kwa upole, huenda akazingatia au akaogopa. Wewe si bora kuliko Musa, na Rais wako si mwovu kuliko Firauni. Matusi ya mzazi wa mtu, picha za kuwachora viongozi ndani ya majeneza, kuvunja duka la Mhindi au la mama muuza simu na kubeba vilivyomo, hayo ni haramu na hayana fatwa. Mwenye kuiba siku ya maandamano ni mwizi kama wa siku nyingine. Lakini someni na aya inayofuata. Musa na Harun walisema wazi kuwa wanaogopa, na Mola wao akawaambia kuwa Yeye yuko pamoja nao, anasikia na anaona. Upole waliotakiwa kuwa nao haukuwaondolea wajibu wa kwenda na kusema.

Hadi hapa nimezungumza na anayesema. Kwa maoni yangu ndiye aliyekwisha kufanya sehemu yake, na tunamkalia kooni bure. Mzigo mkubwa uko kwa anayeambiwa. Inasimuliwa kuwa Umar bin Abdul-Aziz alipotawala, ulimjia ujumbe wa watu wa Hijazi, na aliyetangulia kusema alikuwa kijana mdogo. Khalifa akamwambia amwachie aliye mkubwa. Kijana akajibu kuwa mtu ni moyo wake na ulimi wake, na lau mambo yangekuwa kwa umri basi katika umma wamo wanaostahiki kiti kile kuliko yeye Khalifa. (Na kweli, Umar mwenyewe alikuwa hajafika miaka 40.) Khalifa hakukasirika, akamruhusu aseme. Kijana akaeleza kuwa hawakuja kwa tamaa wala kwa hofu, kwani neema imewafikia walipo na uadilifu wake umewaondolea khofu ya kudhulumiwa. Kisha Khalifa, mtawala wa nchi kutoka Khurasan hadi Andalusi, akamwomba kijana yule ampe nasaha.

Pimeni sasa. Vijana wa Kenya walimjia mtawala wao wakiwa na vyote viwili, haja na hofu. Wakajibiwa nini? Tuseme haki, kwani Waislamu tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiyempenda. Mswada haukutiwa sahihi. Siku ileile ya tarehe 5 Julai Rais alitangaza kupunguza matumizi na kuvunja mashirika 47 ya serikali, na tarehe 11 Julai akawafuta kazi karibu mawaziri wote. Februari 2025, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa watu wa kaunti za mpakani, wengi wao Waislamu, kila walipoomba kitambulisho. Hilo ni jema na tunalishukuru. Mei 2025 aliwaomba radhi vijana katika mkutano wa maombi wa kitaifa.

Lakini baadhi ya wale mawaziri waliofutwa walirejeshwa kabla ya mwezi kwisha. Baadhi ya kodi zilizokataliwa Juni zilirudi katika sheria ya Desemba 2024. Utekaji uliendelea. Vijana walipotoka tarehe 25 Juni 2025 kuwakumbuka wenzao, wakafa wengine, na siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, KNCHR ikahesabu vifo zaidi ya 30. Siku mbili baadaye Rais akasema kuwa anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu. Ndiyo kusema radhi ya Mei haikumaliza miezi miwili. Aliyeombwa radhi leo akapigwa risasi kesho hawezi kuambiwa kuwa amesikilizwa, hata kama siku ya kikao alipewa kipaza sauti. Na sensa ya mwaka 2019 ilituonyesha kuwa robo tatu ya watu wa nchi hii hawajafika miaka 35. Mtawala asiyewasikiliza hawa, anamtawala nani?

Nisiishie Ikulu, kwa sababu ni rahisi mno kumtolea mfano Rais. Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa akimkalisha Ibn Abbas, kijana mdogo, pamoja na wazee wa Badr. Wazee wakanung'unika kuwa wana watoto wa umri wake. Umar akawauliza wote maana ya Surat an-Nasr, na aliyeijua ni yule kijana, na Umar akakiri kuwa naye hajui isipokuwa hivyo alivyosema. Tazameni sasa kamati za misikiti yetu. Ninaijua kamati moja mjini hapa ambayo mdogo wao ana miaka 58, na kazi ya vijana msikitini humo ni kutandika mikeka na kupanga viatu siku ya Idi. Wazee haohao ndio wanaolalamika kuwa vijana wamehamia mitandaoni. Hivi mlitaka wakae wapi?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa msikiti huo aliomba dakika tano baada ya swala ya Ijumaa awazungumzie watu juu ya vitambulisho. Yeye na wenzake sita, licha ya tangazo la Wajir, bado wanaambiwa walete karatasi za babu zao kila wanapokwenda ofisini, na bila kitambulisho hawapati mkopo wa chuo, laini ya simu wala kazi ya mjengo. Kamati ikamwambia aandike barua. Ameandika, kurasa mbili, kwa hati nzuri, na ameniomba niipeleke. Ijumaa hii nitaipeleka, inshaallah, na nitawaomba wazee wamruhusu aisome mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.