Kamera Haipigi Hodi

Mji wa Kale una sheria ambayo hakuna bunge lililoipitisha: hodi. Unabisha, unangoja. Usipojibiwa mara ya tatu, unarudi zako bila kinyongo. Hodi ni ombi la kuingia, lakini pia ni taarifa: mwenye nyumba ajue kuna mtu mlangoni, na ni nani.

Mimi chuo niliacha kabla sijafika mbali, ila Katiba haihitaji digrii kusomwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 ni hodi iliyoandikwa. Kinakulinda wewe, nyumba yako na mali yako visipekuliwe ovyo, habari za familia yako zisitakwe bila haja, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki hiyo ipunguzwe, lakini kwa sheria na kwa kiasi. Ndiyo maana polisi akitaka kupekua nyumba yako, kwa kawaida huanzia kwa hakimu kutafuta kibali.

Sasa, mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi, pamoja na kamera zipatazo 1,800 za Nairobi na Mombasa. Kamera haiingii kwako. Iko juu ya mlingoti, yatazama njia ya watu wote. Je, huo nao ni upekuzi?

Wazee watakwambia hili si jipya. Ukipita Ndia Kuu saa tano usiku, kabla hujafika nyumbani mamako ashajua ulikuwa na nani. Kweli kabisa. Lakini mzee wa barazani wewe pia wamwona. Wamjua jina, waweza kumjibu, na mwezi ujao atakuwa amesahau. Aliye nyuma ya kamera humwoni, na mashine yake haisahau.

Simu ndiyo zaidi, kwa sababu kampuni hujua iko karibu na mnara upi. Marekani, katika kesi ya Carpenter ya 2018, polisi walikuwa wamechukua rekodi za siku 127 za mahali simu ya mtu ilipokuwa, bila kibali cha upekuzi. Mahakama ya Juu ikasema huo ni upekuzi. Ukionwa mara moja sokoni, hiyo si siri. Lakini siku 127 zikiunganishwa zasema msikiti wako, kliniki yako, na nyumba unayolala.

Kwetu, sheria ya usalama ya Desemba 2014 iliruhusu vyombo vya usalama vya taifa kunasa mawasiliano kwa ajili ya kupambana na ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vipengee 8 vya sheria hiyo. Hicho ikakiacha.

Na Mombasa neno ugaidi lina uzito wake. Novemba 2014 polisi walivamia misikiti ya Musa na Sakina, wakakamata zaidi ya watu 200. Uchungu wa misako ile upo hadi leo. Lakini msako wa aina hiyo una mashahidi. Mlango uliovunjwa waweza kumwonyesha hakimu. Simu ikipekuliwa kutoka ofisini, hakuna kilichovunjika. Utashtaki vipi jambo ambalo hujui limefanyika?

Najua jibu la haraka: kama huna la kuficha, waogopa nini? Basi muulize nyanya yako kwa nini mlango wake una pazia. Hafichi kitu. Anajistiri.

Najua pia kwamba aliyeporwa na vijana wa mapanga anataka kamera leo, si kesho, na siwezi kumlaumu. Sisemi zing'olewe. Nasema hakimu aulizwe kabla ya maisha ya mtu kuunganishwa hivyo. Na uchunguzi ukiisha bila kosa kupatikana, mwenyewe aambiwe: tulikufuatilia tangu siku hii hadi hii, kwa sababu hii. Itakuwa hodi iliyochelewa, lakini ni hodi.