Kufanana Si Kuwa Sawa



Ndugu msomaji, Ramadhani iliyopita nikiwa Gitega, bibi yangu alinipigia simu kutoka Muyinga. Ana ugonjwa wa sukari. Akaniuliza: "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Nifunge au nile?" Nikamkumbuka mama mmoja, jirani yetu hapa Gitega, mwenye umri kama wake na ugonjwa uleule, ambaye hufunga mwezi mzima bila tabu. Nikamjibu: "Funga tu, bibi. Wenzako wanafunga." Siku ya tisa alianguka kabla ya adhuhuri. Alhamdulillahi alipona, lakini tangu siku ile swali moja haliniachi: nilikosea wapi? Sikusema uongo. Nilifananisha tu.

Kufananisha kwenyewe si kosa. Ni njia inayojulikana katika fiqhi kwa jina la kiyasi, na ina nguzo nne: asili, ambayo hukumu yake inajulikana, tawi, yaani jambo jipya, sababu inayoyaunganisha, na hukumu yenyewe. Pombe iliharamishwa, na kinywaji kipya kinacholevya kikafuata hukumu yake kwa sababu ya ulevi, hata kama jina na rangi ni tofauti. Lakini wanazuoni walilipa jina pia kosa la njia hii: kiyasi pamoja na tofauti. Ni pale mambo mawili yanapofanana kwa nje, huku yakitofautiana katika jambo lenye uzito. Jirani yetu anameza vidonge. Bibi anajidunga sindano ya insulini kila siku. Mimi niliona umri na jina la ugonjwa, nikaishia hapo.

Siku hizi hata kompyuta hufundishwa kufikiri kwa njia inayokaribiana na hii. Mwaka 1994 watafiti wawili, Agnar Aamodt na Enric Plaza, walieleza kazi ya programu hizo kwa hatua nne: kutafuta kesi ya zamani inayofanana na mpya, kutumia jibu lake, kulipima na kulirekebisha jibu hilo, kisha kuhifadhi ulichojifunza. Niliposoma maelezo hayo nilijiona mwenyewe. Hatua ya kwanza na ya pili nilizifanya kwa dakika moja kwenye simu. Ya tatu niliiruka.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba kutojua kwangu kulikuwa kwa aina mbili, nami nilikuwa nimezichanganya. Aina ya kwanza ni shaka. Bibi anatumia dawa gani? Swali hili lina jibu kamili, nalo lilikuwa Muyinga, mdomoni mwa bibi mwenyewe. Aina ya pili ni utata wa mpaka. Ugonjwa ukifika kiasi gani ndipo mtu aruhusiwe kula? Hapa hata daktari mwenye vipimo vyote mkononi hawezi kukuonyesha mstari ambao upande huu ni mzima na upande ule ni mgonjwa. Lotfi Zadeh, mwanahisabati aliyezaliwa Baku, alipendekeza mwaka 1965 kwamba mambo ya namna hii yapimwe kwa viwango: kitu kiwe ndani ya kundi kwa kiasi fulani, badala ya kuwa ndani au nje tu. Ni fikra yenye faida. Lakini ukishamwambia bibi kwamba yeye ni mgonjwa kwa kiwango cha saba juu ya kumi, bado atakuuliza: nile au nisile?

Wanazuoni walilijua hili. Kwa safari, wengi wao waliweka kipimo cha masafa. Kwa ugonjwa hawakuweka kilomita. Walitazama madhara, na wakakubali dhana yenye nguvu itokanayo na uzoefu wa mgonjwa au kauli ya tabibu mwaminifu. Yakini kamili haikudaiwa.

Rafiki yangu mmoja alinitetea. Alisema: kuna kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Wajibu wa kufunga ni yakini, madhara yalikuwa shaka, basi jibu lako lilikuwa sahihi. Nilitamani kukubali. Lakini kanuni ile ni msaada kwa aliyetafuta akakosa. Aliyeweza kuuliza akanyamaza hana haki ya kuegemea shaka aliyoitunza mwenyewe. Tena, makosa mawili haya hayalingani uzito. Swaumu iliyoachwa kwa udhuru ina badala yake, kulipa au kulisha maskini, na Qur'ani imelieleza hilo katika Suratul Baqara. Uhai uliopotea hauna siku nyingine.

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakaona maji yapo, wakamwambia hana ruhusa. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaumu vikali, akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa na kesi waliyoijua, ya mtu mwenye maji, wakaivika juu ya mtu mwenye jeraha.

Sisemi tunyamaze. Tukingoja yakini katika kila jambo, watu watabaki bila mwongozo, na bibi zetu wataendelea kutuuliza sisi kabla ya kumfikia shekhe au daktari. Ninachosema ni kwamba shaka inayoweza kuondolewa tuiondoe kwa kuuliza kwanza, na utata unaobaki tuupime kwa kutazama ni kosa lipi lisiloweza kurekebishwa. Na "sijui, ngoja niulize" ni jibu halali.

Nilipokwenda Muyinga kumwomba radhi, bibi hakunigombeza. Alisema tu: "Hukuniuliza kitu, mjukuu wangu. Nikadhani unajua." Daktari amemkataza kufunga, na sasa analisha maskini kwa kila siku. Mimi ndiye ninayepeleka chakula hicho kila nikifika.

Wallahu a'lam.