Kila Tusi na Mwenyewe

Mwanangu, mswada wako nimeusoma hadi mwisho. Usidhani nitakukataza matusi. Mwandishi anayemchora kondakta wa daladala ya Mbagala akizungumza kama khatibu wa Ijumaa anatudanganya, na msomaji aliyepanda gari hilo asubuhi atamkamata mara moja.

Ninalotaka ulitazame ni hili: tusi katika riwaya lazima liwe na mwenyewe. Kondakta wako anatukana, sawa. Muuza samaki naye anatukana, kwa maneno yale yale. Mwalimu mkuu kadhalika. Nilipofika sura ya tatu, msimulizi naye akaanza, nikajua kwamba wanaotukana si wahusika, ni wewe. Yule muuza samaki umemfanya mwanamke wa pwani mwenye mke mwenza. Wa namna hiyo niwajuao mimi hawaanzi na tusi la nguoni. Atatafuta kanga yenye jina linalofaa, apite mlangoni kwa mwenzake mara mbili bila haraka, na mtaa mzima utajua nani kasemwa. Mipasho ya taarabu imejaza kumbi miaka mingi kwa ufundi huo huo. Mwingine atasonya tu, basi. Na vijana wakigombana, "mama'ko!" peke yake yatosha kuwashikisha mashati, huna haja ya kulimalizia, kila msomaji anajua kinachofuata.

Tena tusi likishatoka, lifanye kazi. Nani kanyamaza? Nani kacheka? Mtoto gani kalisikia, akaenda kulirudia mbele ya bibi yake? Katika mswada wako mtu anaitwa mwanaharamu mbele ya wakwe zake, na ukurasa unaofuata anakunywa chai na aliyemwita hivyo. Kaguswa mama yake huyo! Chai hiyo isingenyweka kabla wazee hawajakaa kikao.

Wapo watakaokushauri usafishe kila kitu ili kitabu kiingie shuleni. Wasikilize kwa adabu, lakini usafi wa maneno si kinga. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na kilichowakera watu hasa ni mambo yaliyosimuliwa humo: baba mlevi, binti aliyelelewa kwa kipigo, wakubwa wanaowatumia wasichana wa shule, mimba zinazotolewa. Baadaye riwaya ile ile ikaruhusiwa, ikafundishwa madarasani. Angeondoa maneno machache makali, wangemkasirikia vilevile, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Basi rudi mezani. Kwa msimulizi futa yote, hata lile unalolipenda. Muuza samaki mpe kanga, na jina la kanga hiyo ulitafute mwenyewe kwa akina mama, usilibuni. Kondakta mwachie matatu, yaliyo makali kweli. Ukimaliza, niletee sura ya tatu kwanza.