Mwanga wa Jua na Kodi ya Chombo



Katika darsa yetu imeletwa karatasi kutoka Nyeri. Jamaa zetu wakaao huko Majengo, pamoja na majirani zao wakulima, wametutaka tutie sahihi zetu pamoja na zao katika ombi la kupelekwa Bungeni, kwamba kodi isirudishwe tena juu ya vyombo vya sola. Baadhi yetu walitia mkono papo hapo. Wengine walikataa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Walisema: kodi ndiyo ijengayo hospitali na barabara, basi vipi sisi tuombe watu wasitoe? Tena mambo ya Nyeri yatuhusuni sisi watu wa pwani? Khitilafu hiyo haikwisha siku ile, nasi tumeona ni kheri kuiandika hapa.

Tuanze na hilo la pili, kwani ndilo jepesi. Mto Tana hupata maji yake katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaliyojengwa baina ya miaka ya 1960 na 1980, kisha ukamwagika baharini upande wa Kipini. Mvua ikikosekana mlimani, stima ya nchi nzima hutetereka. Asemaye kuwa ya Nyeri hayamhusu, na aizime taa yake kwanza ndipo tuzungumze.

Na katika jambo hili watu wa mlimani walitutangulia zamani. Sisi twadhani sola yataka jua la kuunguza kama letu, na tukisikia habari za Nyeri, ambako mwezi wa Juni hata Agosti ni ukungu na manyunyu, twacheka. Kumbe chombo kile hukusanya mwanga, wala si joto. Joto likizidi, nguvu yake hupungua. Mwaka 1984, upande wa Meru, shule ya sekondari ya Karamugi iliyojengwa kwa harambee ilikuwa katika shauri la kununua jenereta. Mwalimu wao Mmarekani, Mark Hankins, na mhandisi Harold Burris waliwaonyesha sola, wakaikubali. Walimu na wakulima wa kahawa walipoona taa zinawaka pasi na mafuta, wakaanza kununua za majumbani kwa fedha zao wenyewe. Mafundi vijana walifundishwa kazi, na biashara ikaenea mji baada ya mji bila ya kungojea nguzo za serikali. Sisi wa pwani, na jua letu lote hili, tulikuwa wapi?

Ama hoja ya kwanza, ya kodi, ndiyo yenye uzito. Mafakihi wetu walisema tangu zamani kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu wote ni washirika. Lakini walisema vile vile kuwa mtu akiteka maji katika chombo chake, maji yale huwa ni mali yake. Jua, basi, ni kama maji ya mtoni: hapana amilikiye. Chombo ndicho kinunuliwacho. Nasi hatusemi kuwa serikali haina haki ya kutoza kodi juu ya kinunuliwacho, kwani asemaye hivyo ajitayarishe kuishi bila ya hospitali.

Walakini tutazame mambo yanavyokwenda. Tangu mwaka 2015 serikali imekuwa na mpango wa kuwafikishia watu stima kwa mkopo wa umma. Aliyekuwa karibu na transfoma, katika mita 600, alitakiwa shilingi 15,000 badala ya 35,000 za zamani, na khasara iliyobaki ikabebwa na nchi nzima. Huyu amesaidiwa, wala hatumuonei wivu. Lakini yule akaaye juu mteremkoni, mbali na nguzo, hakupata kitu katika msaada ule, ijapokuwa naye hulipa kodi katika sukari na sabuni. Akitoka akauza mbuzi wake akanunua sola, kisha akatozwa kodi juu yake, amewalipia wenziwe stima wasiyompa, na amelipishwa tena kwa kujitafutia yake. Hapo ndipo sisi twaiona dhulma.

Na jambo hili limekuwa likivutwa huku na huku. Mwaka 2013 vyombo hivi vilitiwa kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2014 ikaondolewa. Mwaka 2020 ikarudishwa. Mwaka 2021 ikaondolewa tena katika vingi vyao. Sauti iliyosikika zaidi katika magomvi hayo ni ya wauzaji, kwa chama chao kiitwacho KEREA. Mwenye duka ana haki ya kusema, lakini kodi ikiondolewa, hapana sheria imlazimishayo kumpunguzia mnunuzi. Na maskini anunuaye taa kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu hujikuta mwisho wake ametoa zaidi ya yule aliyelipa taslimu.

Hapa yatupasa tuseme lisilopendeza kwa jamaa zetu wa Nyeri. Mwaka 2007 mtaalamu wa Kimarekani, Arne Jacobson, alitoa uchunguzi wake juu ya sola katika vijiji vya Kenya. Aliona kuwa faida kubwa ilikuwa imewaendea watu wa kati, wenye mshahara au mazao ya kuuza, na kwamba sehemu kubwa ya umeme ule ililiwa na televisheni. Taa ya mtoto kusomea haikupata fungu kubwa kama watu walivyodhani. Basi tukiomba msamaha wa kodi kwa jina la mtoto asomaye kwa kibatari, na msamaha ukaenda kwa mwenye televisheni, tutakuwa tumemtumia yule mtoto kama shahidi asiyeitwa.

Liko na la pili. Kanuni zilizotolewa mwaka 2024 zamruhusu mwenye sola aliyeunganishwa na stima ya nchi aupeleke umeme uliomzidi katika nyaya, ahisabiwe nusu yake. Wenye hoteli na majumba makubwa wanung'unika kuwa nusu ni kidogo. Sisi hatuna haraka ya kunung'unika pamoja nao. Nguzo na nyaya zina gharama yake, na matajiri wakijitoa mmoja mmoja, gharama ile humwangukia yule wa chumba kimoja aliyebaki. Ombi la Nyeri limetaka nusu ile iwe yote. Kifungu hicho sisi hatukukiafiki.

Mmoja katika waliokataa alisema kuwa maombi ya raia hayana faida, wakubwa hufanya watakalo. Tulimkumbusha Lamu. Watu wa Lamu walisimama miaka mingi juu ya mtambo wa makaa uliotakiwa kujengwa Kwasasi, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la kuamua mambo ya mazingira lilifuta idhini yake, na katika sababu zake kubwa ni kuwa wenyeji hawakushauriwa inavyopasa. Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi. Wala hakuambiwa awe tajiri, au msomi, au wa chama fulani.

Kwa hivyo tumeirudisha karatasi Nyeri na maneno yetu pembeni. Tumetaka kifungu cha nusu kiondolewe. Tumetaka vyombo vidogo vya chumba kimoja vitangulizwe katika msamaha, na wauzaji watakiwe kuonyesha bei kabla na baada ya kodi. Tena tumetaka ombi lisomwe kwa Kikikuyu na kwa Kiswahili mbele ya hao wasiokuwa na stima, kabla ya kutiwa sahihi ya mtu mwengine yeyote, na zao ndizo ziwe za kwanza juu ya karatasi. Katika wale waliokataa, mmoja amesema kwa sharti hilo atatia mkono. Wawili wangali na rai yao ya kwanza, na majibu ya Nyeri bado hayajafika.