Mgonjwa Akisema Hakiumi

Muuguzi ana rula. Akishafungua bendeji hupima urefu na upana wa donda ndugu, huangalia rangi ya nyama, usaha na kingo, kisha huandika. Swali la "unajisikiaje?" huulizwa kwa adabu, lakini jibu lake halifiki kwenye faili. Nyuma ya mazoea hayo kuna imani: kwamba jicho hujua, ulimi hudhani tu.

Imani hiyo haikosi hoja. Kisukari na ukoma huua fahamu za miguu. Mkulima wa Rubwera, kule Kyerwa, anaweza kuchomwa na kijiti migombani, akashinda nacho kutwa, na jioni akaapa kwamba haumwi. Hasemi uongo. Hata kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda, na ambacho mfano wake daktari Albert Cook aliuandika huko Mengo mwaka 1897, kwa kawaida hula ngozi bila maumivu makali. Basi neno la mgonjwa lina faida gani?

Faida yake iko hapo hapo. "Hakiumi", likisemwa juu ya shimo linalokaribia mfupa, linatuambia kwamba fahamu zimekufa, jambo ambalo rula haiwezi kulisema. Tunakosea tunapolisikia neno hilo kama hukumu, eti amepata nafuu, ilhali ni ushahidi.

Na yako mambo yenye shahidi mmoja tu. Kama usingizi unakuja. Kama harufu imemfanya aache kwenda kanisani. Kama aliitikia alipoambiwa aupumzishe mguu, huku kahawa imeiva na hana wa kumchumia. Kwa mguu uliokufa ganzi, hili la mwisho lina uzito kuliko aina ya dawa iliyopakwa. Mzee anayejieleza kwa Kinyambo, mjukuu akimtafsiria, husimulia kwa kirefu, lakini kinachomfikia muuguzi ni "anaendelea vizuri."

Rula na ulimi vikipingana je? Sisemi mgonjwa ashinde daima. Ila maumivu mapya kwenye kidonda kilichokuwa kimetulia ni dalili inayojulikana ya maambukizi, hata kama vipimo bado vinapendeza. Kwa hiyo, muuguzi, muulize na uandike kabla hujafungua bendeji. Ukishakiona kidonda, utasikia kile tu ulichokwisha kukiona.